Kinachobaki Karatu

Neno utamaduni likitajwa, wengi wetu hukimbilia ngoma. Tukisogea kidogo hutaja mavazi, nyimbo za harusi, vyakula na namna ya kuwaamkia wazee. Hayo yote ni kweli, wala sina ugomvi nayo. Lakini jinsi watu wanavyojipatia chakula, jinsi wanavyobadilishana mali, nani hupanga bei na nani huipokea tu, hayo nayo ni utamaduni, na pengine ndiyo mzizi wa huo mwingine. Ngoma ya mavuno haipigwi pasipo mavuno. Kwa sababu hiyo namwomba msomaji, hasa mwalimu mwenzangu na mwanafunzi wa sekondari, anivumilie nikizungumza juu ya fedha katika kitabu cha utamaduni.

Nitazungumza juu ya sehemu moja tu, yaani uwanda wa Karatu na milima ya Ngorongoro iliyo juu yake, kwa kuwa ndipo nilipozaliwa na ndipo nilipofundisha historia kwa miaka zaidi ya 30. Vitabu vya historia ya uchumi wa Tanzania husimulia mkonge wa Tanga, pamba ya Usukuma na kahawa ya Kilimanjaro. Karatu haimo, au imo kwa mstari mmoja wenye faru na simba. Hata hivyo naamini kwamba mtu akisimama pale ambapo barabara huuacha mji wa Karatu na kuanza kupanda kuelekea lango la Lodoare, anaweza kuisoma historia ya uchumi wa nchi iliyotawaliwa karibu yote, maana mengi yaliyopanda na kushuka kwa zaidi ya karne moja yamepita hapo. Swali langu ni jepesi kuliuliza na gumu kulijibu: katika vyote hivyo vilivyopita, ni kitu gani kilichobaki?

Jambo la kwanza la kuepuka ni kuianza hadithi hii kwa Mjerumani. Kabla yake palikuwa na uchumi, tena wenye ujuzi mwingi. Wairaqw, ambao majirani zao na serikali waliwaita Wambulu, walikuwa wamejenga kilimo chao katika nchi yao ya asili ya Irqwar Da'aw, kusini mwa Karatu ya leo. Nchi hiyo ni ya miinuko mikali, nao walijifunza kuuzuia udongo usichukuliwe na maji, kuwalaza ng'ombe ndani ya nyumba, na kuirudisha samadi shambani. Wamasai walichunga juu ya Ngorongoro na katika mbuga zilizoizunguka. Kando ya Ziwa Eyasi Wahadzabe waliwinda na kurina asali. Jirani nao walikuwako Wadatoga na ng'ombe zao, na wahunzi wao wakifua vichwa vya mishale. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, huko Engaruka, yako mabaki ya mifereji na makingo ya mawe ya mashamba ya umwagiliaji, kazi ya watu waliopaacha mahali hapo yapata miaka 200 au 300 iliyopita. Mabaki hayo yanatosha kumnyamazisha mtu yeyote anayedhani kwamba maji ya mfereji tulifundishwa na bwana shamba wa serikali.

Watu hawa walibadilishana. Nafaka ilikwenda kwa mfugaji, mbuzi na ngozi zikarudi kwa mkulima. Asali na nyama vikabadilishwa kwa chuma. Sisemi kwamba ilikuwa pepo. Waliibiana ng'ombe, waliuana, na mwaka wa ukame mwenye ghala hakuwa rahimu kwa asiye nalo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetoa debe la mtama alimjua aliyelipokea, na alijua lilikuwa na thamani gani kwa mpokeaji. Bei iliamuliwa pale pale walipokutana.

Kisha ukaja msiba. Karibu na mwaka 1891 sotoka, yaani maradhi ya ng'ombe yaliyoingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini, iliyafagia mazizi ya Wamasai, na ndui ikaja pamoja na njaa. Oscar Baumann, Mwaustria aliyefika Ngorongoro Machi 1892, aliwakuta huko juu watu waliodhoofu kwa njaa. Mwanafunzi na aikumbuke tarehe hiyo. Aghalabu tunasimuliwa kwamba wakoloni walikuta watu dhaifu na nchi tupu. Ni kweli kwamba sehemu nyingine ilikuwa tupu, ila ilikuwa imekuwa tupu jana tu.

Wajerumani wawili wa ukoo wa Siedentopf, Adolf na nduguye Friedrich, walikaa ndani ya kreta yenyewe wakifuga na kulima hadi Vita Kuu ya mwaka 1914 ilipowakatiza. Mabaki ya nyumba ya Adolf yako karibu na mto Munge, na waongoza watalii huwaonyesha wageni kama kioja cha historia. Mimi sioni kioja. Naona hati ya kwanza ya shamba katika mahali ambapo hapakuwa na desturi ya hati.

Lakini shamba la wageni wawili lisingeweza kuugeuza uchumi wa watu wote. Kilichougeuza ni kodi. Serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza walipoichukua Tanganyika waliiendeleza, wakaongeza na kodi ya kichwa. Nilipokuwa nikifundisha somo hili nilizoea kuwauliza wanafunzi: kama una ng'ombe 20, ghala la mtama na mke hodari, je, wewe ni maskini? Walijibu kwa sauti moja kwamba hapana. Basi, nikawaambia, kesho anakuja karani na kukudai sarafu ambayo huna, na mtama wako haupokei. Kwa siku moja umekuwa mdaiwa. Utauza ng'ombe kwa bei atakayoitaka mnunuzi, ama utakwenda kuuza mikono yako. Hapakuwa na haja ya mjeledi kwa kila mtu. Tarehe ya mwisho ya kulipa kodi ilifanya kazi ya mijeledi mingi.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa waliokwenda kuuza mikono. Alitoka Iramba kwa miguu katika miaka ya 1930, akafika Oldeani, kwenye miteremko ya mlima wa jina hilo, ambako walowezi, wengi wao Wajerumani waliorudi baada ya vita, walikuwa wamefyeka msitu na kupanda kahawa. Reli ilikuwa imefika Arusha mwaka 1929, na bila reli hiyo kahawa ya Oldeani isingekuwa na maana, kwa kuwa gunia lisilofika bandarini ni mzigo tu. Barabara ya Karatu, ambayo leo tunaiona kama njia ya watalii, katika miaka hiyo ilikuwa kamba ya kulishusha gunia hadi kwenye reli.

Baba alikuwa na kipande. Vijana wa leo wakisikia neno hilo hufikiri ni sehemu ya kitu. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba 30, na kila siku ya kazi ilijaza chumba kimoja. Nyapara akiona kazi haikumridhisha hakuandika, na jasho la siku hiyo likapotea kama maji katika mchanga. Vyumba 30 vilipojaa, ndipo mtu alipolipwa mshahara wa mwezi, hata kama mwezi huo ulikuwa umechukua siku 40. Wakati wa kuchuma, kipimo kilikuwa debe. Debe lilitikiswa ili matunda yashuke, kisha likaongezwa mpaka lifanye kilima juu. Posho ya unga ilitolewa kila wiki, nalo debe la posho, baba alizoea kusema, halikutikiswa kamwe.

Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja kati ya hayo. Nilijua harufu ya maganda ya kahawa yaliyomenywa kabla sijajua kusoma. Nilijua jinsi buni zinavyoachwa ndani ya maji, zinavyooshwa, zinavyoanikwa juu ya meza ndefu za waya na kugeuzwa kwa mikono mpaka zigonge kama kokoto. Lakini nyumbani kwetu hatukuwahi kunywa kahawa, hata siku moja. Tulikunywa chai sukari ilipopatikana, na uji isipopatikana. Mara yangu ya kwanza kuonja kahawa nilikuwa mwanachuo wa ualimu, nayo ilikuwa ya kopo, ya kiwanda cha Bukoba, wala si ya Oldeani. Sikuipenda. Mama aliyechuma kahawa karibu miaka 20 alikufa bila kujua ladha yake, na sidhani kwamba alijiona amekosa kitu. Lakini kama nikitakiwa nieleze kwa mfano mmoja maana ya uchumi wa kikoloni, sitafuti mfano mwingine.

Mwaka 1939 vita vilipotangazwa, Wajerumani wa Oldeani walikusanywa na kuwekwa kizuizini, na mashamba yao yakawa chini ya msimamizi wa mali ya adui. Baba alisimulia kwamba bwana wa shamba lao alichukuliwa asubuhi, na mchana kengele ya kazi ikalia kama kawaida. Dola lilikuwa limemwondoa mwenye mali, lakini kipande, debe na nyapara vikabaki. Nilipokuja kusoma juu ya utaifishaji katika nchi mbalimbali za dunia, nililikumbuka sana simulizi hilo, kwa kuwa linafundisha kwamba kubadilisha mwenye shamba na kubadilisha shamba ni kazi mbili tofauti.

Wakati wa vita hivyo hivyo Waingereza walihitaji ngano, na Jimbo la Kaskazini likahimizwa kulima ngano kwa wingi. Amani ilipokuja, zao hilo halikuondoka. Wairaqw walikuwa wakihamia uwanda wa Karatu kutoka nchi yao iliyojaa watu na mifugo. Serikali nayo, kwa ule mpango wake wa maendeleo ya Mbulu, ikawa inafyeka vichaka vya mbung'o na kuwalazimisha watu wapunguze ng'ombe. Ardhi ilipatikana, udongo ni wa volkano, na trekta liliweza kukodiwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 pakatokea hapa Karatu kundi la wakulima Waafrika wenye mamia ya ekari za ngano. Wapo walioanza na jozi ya ng'ombe na wakaishia na trekta mbili na lori.

Hapa ndipo mazungumzo yangu na walimu vijana yanapokuwa makali, maana wengi wanapenda historia yenye mnyonyaji mweupe na mnyonywaji mweusi, basi. Ngano ya Karatu haikubali kusimuliwa hivyo. Mwenye trekta alikuwa mtoto wa hapa, alisema lugha ya hapa, na alimlimia jirani shamba kwa malipo ambayo jirani alishindwa kuyatoa, mpaka jirani akaliacha shamba na kuwa kibarua juu ya udongo wake mwenyewe. Mtafiti Philip Raikes alikuja kuyachunguza mambo haya na kuyaandika katika miaka ya 1970. Sisi tulioishi hapa tulikuwa tumekwisha kuyaona kwa macho, ila hatukuwa na jina la kuyaita mpaka Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967 na kutupa msamiati.

Nipande sasa kidogo, nifike Ngorongoro, maana huko mambo yalikwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1951 Waingereza waliiweka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, nayo ikaihusisha Ngorongoro pamoja na watu wake. Ukazuka mgogoro juu ya nani ana haki ya kukaa ndani ya hifadhi. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai waliweka sahihi zao kukubali kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 ikatungwa sheria ya kuitenga Ngorongoro kuwa eneo la pekee, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,300, ambamo wanyama na wafugaji wangeishi pamoja. Mwaka huo huo Mary Leakey aliliokota fuvu la Zinjanthropus huko Oldupai, na Bernhard Grzimek wa Ujerumani akaitangaza Serengeti duniani kote kwa filamu iliyomgharimu mwanawe Michael, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 na kuzikwa kwenye ukingo wa kreta.

Nataka msomaji aone ni jambo gani jipya lililotokea. Kahawa hupandwa, huchumwa, husafirishwa. Mandhari haisafirishwi. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii palipatikana zao lisilotoka mahali pake, bali mnunuzi ndiye anayelifuata. Mtu angetazamia kwamba zao la namna hiyo litamnufaisha kuliko wote yule anayekaa juu yake. Haikuwa hivyo. Mwaka 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo lote. Mfugaji aliyekuwa akipanda mahindi kidogo nyuma ya boma akarudi kutegemea maziwa na soko, na soko liko Karatu. Mwaka 1979 UNESCO ikaiandika Ngorongoro katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu hapo ikawa mali ya walimwengu wote, nami nimekuwa nikijiuliza kama mali ya walimwengu wote huwa na mwenyewe.

Mwalimu Nyerere na wenzake walijua tatizo hili mapema. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala magazetini: je, utalii unafaa katika nchi inayojenga ujamaa? Wengine walisema hoteli za watalii zitatufanya taifa la watumishi, na kwamba fedha nyingi itarudi kule kule ilikotoka kwa kununua vitu vya kuwastarehesha wageni. Wengine wakajibu kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni za kununulia mashine na dawa, na kwamba simba hali mbolea wala hahitaji pembejeo. Issa Shivji aliyakusanya mabishano hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Nilikisoma nikiwa kijana, nikasimama upande wa wale wa kwanza. Leo nikikitazama tena naona kwamba pande zote mbili zilibishana kana kwamba kulikuwa na njia mbili, na hali serikali ilikuwa imekwisha kuamua. Shirika la umma lilikuwa likijenga hoteli kwenye ukingo wa kreta, na Desemba 1971 kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro kikafunguliwa ili mgeni atue kwetu badala ya kutua Nairobi.

Nairobi ndiyo iliyokuwa fundo lenyewe. Mtalii wa miaka hiyo aliandikishwa safari huko, akalala huko, akapanda gari la huko, akaja kuitazama kreta, kisha akarudi. Tanzania ilibakiwa na ada ya lango na vumbi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, na ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Nakumbuka jinsi barabara ya Karatu ilivyonyamaza. Tulizoea kuona misafara ya magari yenye mistari kama ya pundamilia; ghafla zikawa zinapita siku mbili bila gari la mgeni. Vijana waliokuwa wakipika na kutandika vitanda huko juu walirudi nyumbani na masanduku yao.

Wako wanaosema kufunga mpaka kulikuwa upumbavu, na wako wanaosema kulikuwa ushujaa. Mimi naona ugonjwa ulitambuliwa sawasawa, ila dawa ilinywewa na wasiokuwa wagonjwa. Ni kweli kwamba faida ya Ngorongoro ilikuwa ikibaki Nairobi, na nchi inayojiheshimu haiwezi kuliridhia hilo milele. Lakini mpishi wa Karatu aliyepoteza kazi hakuwa na sehemu katika faida ile. Kisha vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni vikaja pamoja, na kwa miaka kadhaa sabuni ikawa habari. Ngano iliuzwa kwa Shirika la Usagishaji la Taifa kwa bei iliyopangwa Dar es Salaam, na malipo yakachelewa. Trekta zikasimama kwa kukosa vipuri. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya dhiki madarasa ya shule za msingi yalijaa watoto ambao baba zao walikuwa na kipande tu cha kuonyesha. Mimi nilikuwa mmoja wa waliowafundisha baadaye sekondari, na siwezi kuandika hesabu ya miaka ile bila kuuweka mstari huo.

Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na biashara ikafunguliwa hatua kwa hatua. Yaliyofuata vijana wanayajua kuliko mimi. Karatu iliyokuwa sehemu ya Mbulu ikawa wilaya, barabara ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ikawekwa lami kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na loji zikaota kwenye vilima vilivyokuwa vya kahawa. Lilikuwako shamba moja la kahawa juu ya mji lililokuwa limeanza kupokea wageni wa kulala tangu mwaka 1972, watu walilicheka. Leo ni vigumu kuhesabu walioliiga.

Naomba mwanafunzi asidhani nauchukia utalii. Umewasomesha wengi wa wanafunzi wangu, na baadhi yao ni waongoza watalii wanaojua majina ya ndege kwa lugha tatu. Lakini mara nyingi mgeni hulipia safari yake yote kwa wakala wa huko kwao kabla hajapanda ndege, na sehemu ya malipo hayo haivuki bahari kamwe. Nimesimama barabarani nikaona lori la mboga likitoka Arusha kupeleka hotelini, likipishana na lori la mboga za Karatu linalokwenda Arusha. Na mwaka 2020 tuliona jambo ambalo wazee wa mwaka 1977 walilitambua mara moja. Watalii walioingia Tanzania mwaka 2019 walikuwa kama milioni 1.5, mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, walishuka hadi kama 620,000. Barabara ikanyamaza tena. Safari hii hakuna aliyefunga mpaka wetu. Safari zilivunjwa huko Ulaya na Marekani kabla hazijaanza.

Nisije nikadhaniwa kusema kwamba kilimo ndicho salama, mbaazi zinanikanusha. Wakulima wa Karatu, Mbulu na Babati walizipanda kwa wingi kwa ajili ya soko la India. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingizwa nchini mwake, ili kuwalinda wakulima wake, na haki hiyo ilikuwa yake. Bei hapa ilianguka kiasi kwamba wengine waliona ni afadhali kuwalisha ng'ombe. Mkulima ambaye hajawahi kuuona hata ubalozi wa India alihukumiwa na waraka wa India. Mwenzake wa mwaka 1930 alihukumiwa na soko la London. Tofauti ipo, na isidharauliwe: wa leo analima shamba lake mwenyewe, na ana haki ya kumwuliza mbunge wake. Lakini bei haikuamuliwa pale walipokutana.

Huko juu nako swali halijatulia. Kilimo kidogo kiliruhusiwa tena Ngorongoro mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena mwaka 2009. Wakati eneo linaanzishwa, wakazi walikadiriwa kuwa 8,000. Kufikia mwaka 2017 walikuwa zaidi ya 90,000, na ng'ombe kwa kila mtu wakawa wachache kuliko zamani. Kuanzia mwaka 2022 familia nyingi zilihamia Msomera, wilayani Handeni, ambako serikali ilijenga nyumba. Serikali ilisema wanahama kwa hiari. Wako wakazi waliosema hiari ya mtu anayepunguziwa huduma ni hiari ya namna gani. Niliwafundisha watoto kutoka Endulen na Nainokanoka. Mmoja wao aliwahi kuniuliza darasani, si kwa ukali, kwa nini mahali penye mapato makubwa kuliko pote katika wilaya yao ndipo ambapo mama yake hana ruhusa ya kupanda viazi. Nilimweleza juu ya mmomonyoko wa udongo, njia za wanyama na urithi wa dunia. Yote niliyomweleza ni kweli. Aliandika katika daftari, akaketi.

Ukiteremka kutoka Karatu upande wa Ziwa Eyasi unafika Mang'ola, ambako chemchemi humwagilia mashamba ya vitunguu. Wako watu wa makabila mengi mno kule, wakiwamo wengi ambao wazazi wao walitoka Singida kama baba yangu. Wanagawana maji kwa zamu, na anayeiba zamu hupigwa faini na wenzake. Vitunguu vyao vyekundu hufika Arusha, Dar es Salaam na Nairobi. Hapa hakuna mlowezi wala karani wa kodi. Lakini ukifika wakati wa mavuno utaliona lile debe la baba yangu limefufuka, sasa linaitwa lumbesa: gunia linajazwa, kisha linashonewa kilemba cha wavu juu, na kilemba kinajazwa nacho, na bei ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza. Dalali anajua sheria, mkulima anajua sheria, na lori linangoja.

Miaka kadhaa kabla sijastaafu nilianza kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kufanya badala ya insha ya mwisho wa muhula. Niliwagawa makundi matatu. La kwanza lilikaa kando ya barabara inayopanda Ngorongoro tangu asubuhi hadi jioni, likaandika kila gari lililopita, limebeba nini, linakwenda wapi. La pili lilikwenda mnadani kuuliza bei na kuuliza ni nani aliyeipanga. La tatu lilishuka Mang'ola na mizani iliyoazimwa kwa mwenye duka la pembejeo, likapima magunia 10 ya lumbesa mbele ya wenyewe. Hakuna lililopungua kilo 100, na mengi yalizidi sana. Mzee mmoja mwenye shamba aliitazama mizani kwa muda mrefu, akaomba waipime na ya kumi na moja, kisha akaenda kumwita mkewe aje aone.

Mwalimu atakayependa kuijaribu kazi hii kwao, iwe ni Tunduru kwa korosho au Mwanza kwa samaki, atahitaji daftari tatu, ruhusa ya mkuu wa shule, na mizani iliyokaguliwa. Achague siku ya mnada, maana siku nyingine barabara hutulia. Na awaambie wanafunzi waandike pia magari yanayorudi matupu.